UZI: Sera mpya ya afya ikitua Lamu au Malindi, mdau ni nani hasa?

#1 MtiWaMkoko
Salaam wanajukwaa. Nina dai moja, libomoeni mkiweza.

Sera ya afya ikitua huku kwetu, iwe Amu (mji wa Lamu), Faza, Kiunga au Malindi, kikao cha wadau hujaa watu ambao sera yenyewe haitawatoa jasho: maafisa, watu wa mashirika, mwakilishi wadi, na wale wazee watatu wa kila kikao ambao hata soda wanazopenda zinajulikana. Anayekwenda kuitekeleza hayupo. Anayekwenda kuilipia hayupo. Ikikwama, ripoti husema "wananchi hawakuhamasishwa vya kutosha". Walihamasishwa mpaka spika ikakauka. Kuhamasisha ni wewe kusema. Kusikiliza ni kazi nyingine kabisa.

Chukueni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, iliyopokea nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mwajiri alikuwa akilipa NHIF shilingi 500 kwa mwezi. Sasa anapimwa uwezo kwa maswali, kisha anatakiwa atoe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 kwenda juu. Nani alimwuliza mvuvi wa Kizingitini kama mwezi wa Juni, kusi limekaza, 3,600 inapatikana?

Swali langu: mngepewa nyinyi kazi ya kujua watu wanaionaje sera kabla haijaanza, mngemwuliza nani, mngemwuliza nini, na lini? Siasa za vyama zina uzi wake, huku msizilete.

#2 Boriti
Natandika mkeka.

#3 WakiliPembeni
Tuanze na sheria ili tusidhani kuulizwa ni hisani. Katiba ya 2010: kifungu cha 10 kinaweka ushirikishwaji wa umma katika misingi ya taifa, cha 118 kinalibana Bunge, cha 196 kinayabana mabunge ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 87, inataka wananchi wapate taarifa mapema, na nyaraka zinazohusu jambo lenyewe.

Kesi ya kusoma ni ya British American Tobacco dhidi ya Waziri wa Afya, Mahakama ya Juu, 2019, kuhusu kanuni za tumbaku za 2014. Mahakama iliorodhesha vigezo: jambo lielezwe waziwazi, utaratibu uwe mwepesi kueleweka, kila upande upate nafasi sawa ya kushawishi, uwakilishi uwe wa kweli, na anayeulizwa awe na uwezo wa kushiriki. Kampuni ilishindwa pamoja na malalamiko yake kwamba haikushirikishwa. Kwa hiyo kusikilizwa si kukubaliwa.

Na mwezi Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza zile sheria nne za afya za 2023 kuwa kinyume cha Katiba, hoja moja kubwa ikiwa hiyohiyo ya kutoshirikisha umma ipasavyo.

#4 Fundi_Bajeti
Wakili, tatu, si nne. Zilizoanguka ni Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, ya Huduma ya Afya ya Msingi, na ya Afya ya Kidijitali. Ya nne, inayoruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao, haikuwa ndani ya kesi. Kisha Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu ile, na SHA ikaanza Oktoba.

#5 WakiliPembeni
Sawa, nimeteleza. Ni tatu.

#6 MzeeMajiMafu
Neno lenyewe "mdau" latoka kwenye dau, kitu unachoweka mchezoni ukikubali kwamba waweza kukipoteza. Asiye na dau ni mtazamaji. Wengi wa vikao hivyo wana posho, hawana dau.

Sasa swali la "lini", maana MtiWaMkoko amelitaja na kulipita. Barua ya kikao huandikwa na mtu anayeangalia kalenda ya ukutani. Huku kalenda ni mbili zaidi: pepo na maji. Kaskazi, tangu Desemba hivi hadi Machi, ndiyo hela. Kusi, Aprili hadi Septemba, bahari chafu, vyombo vidogo vyakaa pwani. Ukitaka watu wengi waje, ita wakati wa kusi. Ukitaka watu walipe, piga hodi kaskazi. Wao hufanya kinyume: kuuliza kaskazi, kudai kusi.

Na ndani ya mwezi, wanaochokoa pweza hutoka kwa bamvua, maji yanapojaa na kukauka kupita kawaida, kwani ndipo mwamba unapokaa mkavu. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukitimia. Kikao kikiwekwa hapo hupati mchokoaji hata mmoja. Weka maji mafu, yasiyojaa wala kukauka sana, tarehe 7 au 22 za mwezi mwandamo, kidogo mbele kidogo nyuma.

#7 Kipepeo_MLD
Mzee MajiMafu, hapo kwa posho na dau umetuua 😂

#8 NesiWaZamu
Kwanza niondoe kosa linalorudiwa kila siku kwenye foleni. Kujisajili na kulipa ni mambo mawili. Zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na Mfuko wa Huduma ya Afya ya Msingi, fedha za kodi. Unachotakiwa ni kuwa umejisajili, kwa *147# au kituoni. Mchango unahitajika ukifika ngazi ya 4 kwenda juu, yaani hospitali, ambako mfuko unaotumika ni SHIF, ule wa bima ya afya ya jamii.

Mbona nalileta hapa? Kwa sababu swali la mlangoni huwa "umelipa SHA?" Mama akisikia hivyo, hana 3,600, anageuka na mtoto mwenye homa kurudi nyumbani. Swali sahihi ni "umejisajili?" Neno moja limebadilishwa na mtu wa dirishani, na sera nzima imegeuka maana. Huyo wa dirishani ni mdau, tena mkubwa kuliko wengi wa meza ya mbele, lakini huwezi kumkuta kwenye orodha ya waalikwa.

Pili, wahudumu wenyewe. Kila sera mpya huja na daftari jipya au skrini mpya, na ya zamani haiondoki. Ukitaka kujua maoni ya wauguzi usiwaulize "mnaiunga mkono?" Watasema ndiyo, bosi yupo. Waulize: kwa mgonjwa mmoja mnaandika jina lake mara ngapi, na wapi? Hesabuni pamoja. Ikifika mara nne au tano, umeshajua itakapokwama.

#9 Fundi_Bajeti
Mnazunguka. Shida ni fedha, hayo mengine ni mapambo.

Hospitali huishi kwa mzunguko: unatibu leo, unatuma dai, unalipwa baadaye. Dai likichelewa miezi, glavu zimekwisha, mgonjwa anaambiwa akanunue nje. Hapo ndipo mtu husema "bima haifanyi kazi", ingawa kwenye karatasi inafanya. Kujifungua kwa kawaida kumewekewa bei ya 10,000, kwa upasuaji 30,000. Bei si mbaya, mradi ifike. Mwenye kituo binafsi hasemi kikaoni kwamba atakataa kadi. Anasema "tunashukuru kwa hatua hii", anarudi kituoni, anabandika karatasi mlangoni: fedha taslimu.

Kwa hiyo kabla ya kumwuliza mtu maoni, mwulize anaweza kukaa siku ngapi bila kulipwa. Zahanati yenye akiba ya dawa za wiki tatu haiwezi kuunga mkono sera inayolipa baada ya miezi mitatu, hata ikiipenda vipi.

#10 BintiSiyu
Fundi, fedha ni kweli, lakini si zote. Mpango wa usajili ulidhani kila mtu ana simu yake. Msimbo wa kuthibitisha ukitumwa kwa nambari ya mchangiaji, na mchangiaji ni mume, na mume yuko baharini nje ya mtandao, mke anafanya nini pale dirishani? Ukienda alama za vidole, tazama vidole vya mtu aliyevuta kamba na kusuka makuti miaka thelathini. Mashine haioni mistari, kwa kuwa imelika.

Haya yangesemwa na wanawake kwa dakika kumi za kwanza, kama wangeulizwa wakiwa peke yao. Kikao cha pamoja kisiwa kizima cha Pate hakiwapi sauti: wanaume mbele, wao pembeni au nyuma ya pazia, na atakayesema ni shemeji. Fanyeni chao mbali, baada ya alasiri, nyumbani kwa mtu, aulize mwanamke. Msikifanye asubuhi, maji ya kuchota na watoto wa madrasa vinawasubiri.

#11 Ngomeni_Kwetu
Naona uzi umekuwa wa Lamu mtupu. Malindi nako kuna watu jamani.

Tofauti ni hii. Lamu nzima kwa sensa ya 2019 ilikuwa na watu 143,920. Kilifi, ambayo Malindi imo ndani yake, 1,453,787, kama mara kumi. Huku mtu wa kawaida si mvuvi peke yake. Kuna kibarua wa mashamba ya chumvi Gongoni na Ngomeni, analipwa kwa alichochota siku hiyo. Kuna askari, mpishi na mtunza bustani wa nyumba za wageni, mwenye nyumba yuko Italia miezi minane, mshahara unapitia kwa msimamizi, mara nyingi mkononi. Huyu ni mwajiriwa wa kukatwa 2.75 au ni mtu wa kujilipia? Kwa sheria ni mwajiriwa. Kwa hali halisi hakuna anayemkata, na akijisajili mwenyewe anahesabiwa kama hana mwajiri.

Sasa mwiteni kikaoni aseme hayo mbele ya msimamizi aliyempa kazi. Hasemi. Ukikusanya maoni ya vibarua, msimamizi asikae chumba kimoja nao, na majina yasiandikwe.

#12 Boriti
Sisi wenye makuti tunasemaje?

#13 MpimaNjia
Boriti umetania ila umegusa penyewe. Maswali ya kupima uwezo huangalia nyumba: kuta za nini, paa la nini, maji mnapata wapi, mnapikia nini. Ni njia ya kukisia kipato cha mtu asiye na hati ya mshahara. Sasa tembeeni nayo pwani.

Mji wa Kale wa Amu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001: kuta za mawe ya matumbawe, nene kama mkono mzima, dari za boriti. Ndani anakaa bibi mjane na wajukuu, nyumba ni ya mirathi, wenye haki ni kumi na wanane, hakuna anayeweza kuiuza wala kuibomoa. Kwa kipimo, ukuta wa mawe ni ishara ya uwezo. Upande wa pili, Shela au pwani ya Malindi, jumba lenye bwawa la kuogelea limeezekwa makuti, kwa sababu makuti ndiyo mtindo. Kwa kipimo, paa la makuti ni ishara ya ufukara. Na bara kidogo, nyumba ya udongo ya Mgiriama mwenye minazi mia na ng'ombe nyuma ya boma.

Sisemi chombo ni kibovu nchi nzima. Nasema kilihitaji mtu wa Amu amwambie mtengenezaji jambo moja tu: hapa ukuta hauelezi mfuko. Hiyo ndiyo faida ya kujua maoni mapema. Si heshima tu, inasahihisha hesabu.

#14 Kipepeo_MLD
Kwa hiyo mwenye bwawa alipe 300 na bibi wa Mkomani alipe elfu? Nimeelewa au nimeelewa vibaya?

#15 MpimaNjia
Kuta si swali pekee, kwa hiyo haiwi moja kwa moja hivyo. Lakini mizani inavutwa upande huo.

#16 UstadhWaLangoni
Assalaam alaykum. Kuna wadau ambao mmewaruka. Mtu akiuliza "bima", neno lenyewe lina historia msikitini: gharari (shaka ndani ya mkataba), riba, kulipia kitu ambacho huenda usikipate. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, Jeddah, 1985, liliona bima ya kibiashara haifai na ile ya ushirikiano ikafaa. Mfuko wa lazima wa umma ambao hauendeshwi kwa faida, wanazuoni wengi wa sasa wanauona uko karibu na ushirikiano. Lakini hilo lahitaji kuelezwa na mtu anayeaminika, kabla ya usajili. Imamu akiulizwa Ijumaa jambo hajui atajibu kwa tahadhari: "mtu ajiepushe na shaka". Jibu hilo moja laweza kufunga safu tatu za msikiti.

#17 Fundi_Bajeti
Ustadh, kwa heshima, sidhani. Watu haohao wana akaunti za simu, wanakopa kwenye simu usiku na mchana, na huko riba haijifichi. Dini hutajwa pale ambapo mtu hataki kusema hana pesa.

#18 UstadhWaLangoni
Huenda kwa baadhi. Lakini mtu anayekopa kwa dhiki anajua anafanya nini na anaomba msamaha. Kuingizwa kwenye mkataba kwa lazima ni jambo jingine moyoni mwake. Usipime imani ya mtu kwa simu yake, shekhe.

#19 TangaMbili
Habari za huko jamani, niko upande wa pili wa mpaka. Sisi kwenye CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kaya ya watu hadi sita ililipa shilingi 30,000 za Tanzania kwa mwaka, bei moja. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa dawa kukosekana. Ila kitu kimoja kilisaidia: mama wa sokoni aliweza kumweleza jirani bei kwa sentensi moja. Hiyo yenu ya kupimwa, kila mtu na bei yake, jirani kwa jirani wanatofautiana, nani ataieleza? Sera isiyoelezeka kisimani haina mtetezi kisimani.

#20 NesiWaZamu
TangaMbili asante, hiyo ya kisimani naipeleka kazini.

#21 MtiWaMkoko
Mmenipa zaidi ya nilichotaka. Niweke njia ninayoiona inafaa, mniambie inavuja wapi.

Vitabu vya sera hupenda mraba wa sehemu nne: nani ana nguvu, nani ana haja. Wenye nguvu nyingi wabembelezwe, wasio na nguvu wapewe taarifa. Huku mraba ule unadanganya, kwa sababu mtu wa dirishani wa NesiWaZamu angeandikwa "nguvu ndogo", na tumeona anavyoweza kuigeuza sera kwa neno moja. Badala yake andika kila kundi, na mbele ya jina mambo matano: anapata nini, anapoteza nini, atalazimika kuacha kufanya nini, akitaka kuikwamisha atafanyaje bila kusema, na anamsikiliza nani. Safu ya nne ndiyo dhahabu. Ya tano inakuambia barua upeleke kwa nani.

Vikundi viwe vya watu wanane hadi kumi, wa aina moja, dakika tisini, mmoja aulize mwingine aandike. Usiulize "mnaionaje sera?" Uliza tukio: mara ya mwisho mtu wa nyumba hii kuugua usiku, chombo kililipiwa na nani, shilingi ngapi, mlifika wapi, mlirudishwa wapi. Sera yote inajitokeza humo. Halafu ndani ya wiki mbili rudi palepale useme kipi kimebadilika na kipi kimekataliwa, na kwa nini. Usiporudi, kikao cha pili utakaa na wale wazee watatu.

#22 MpimaNjia
Inavuja sehemu moja. Watu wanane wa aina moja bado hurudia alichosema wa kwanza, hasa akiwa nahodha na wengine ni mabaharia wake. Wape kila mmoja kunde kumi. Weka vikombe: bei, umbali, dawa, lugha mbaya ya wahudumu, makaratasi. Kila mtu agawe kunde zake akiwa amegeuka. Hesabu ndipo mzungumze. Mara nyingi kikombe kilichojaa ni kile ambacho hakuna aliyekitaja kwa mdomo.

Na kwa wapenda vitabu: Gill Walt na Lucy Gilson waliandika mwaka 1994 kwamba wataalamu wa sera za afya hukazia yaliyomo, wakasahau muktadha, mchakato na wahusika. Miaka thelathini na zaidi, bado tunaandika waraka kwanza, watu baadaye.

#23 MamaNyumbaMia
Mimi nawasemea wahamasishaji wa afya ya jamii, maana kila njia mnayotunga mwisho inakabidhiwa sisi. Hesabu ni hii: mhamasishaji mmoja, nyumba kama mia. Tembelea vizuri, pima presha, pima sukari, kipimo cha mkono wa mtoto, jaza kwenye simu, sajili SHA, jibu maswali: dakika arubaini bila haraka. Nyumba mia ni dakika 4,000, karibu saa 67 kwa mwezi, kutembea hakumo. Posho ni 5,000, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na nusu mbili hizo si lazima zifike siku moja. Gawanyeni wenyewe mpate shilingi ngapi kwa saa.

Kwenye jedwali la MtiWaMkoko, safu ya tatu, "ataacha kufanya nini": usajili ukiongezwa, kinachoachwa ni kurudi kwa mgonjwa wa shinikizo la damu aliyekwisha pimwa. Hakuna atakayekiri. Fomu itaonyesha ametembelewa.

#24 Boriti
Sabini na tano kwa saa. Mandazi ya chai.

#25 Kipepeo_MLD
Wazo: kwa wavuvi, BMU, kile kikundi chao cha kusimamia pwani, ikate kidogo kidogo kwenye mizani. 3,600 kwa siku 180 za kaskazi na matlai (kati ya kusi na kaskazi) ni shilingi 20 kwa siku. Nani atashindwa ishirini? Mwisho wa msimu BMU inalipia wote kwa mkupuo. Si tumemaliza?

#26 MzeeMajiMafu
Mwanangu, hesabu nzuri, pwani siyo. Samaki wengi wameuzwa kabla hawajavuliwa. Tajiri ametoa nyavu, mashine, mafuta, na samaki wapaswa kwenda kwake kwa bei yake. Mapato yakitoka yagawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, gharama za safari, ndipo nahodha na mabaharia. Ile ishirini yakatwa kwenye fungu la nani? Ukikata juu kabla ya kugawa, mwenye chombo atasema yeye amewalipia mabaharia. Ukikata chini, baharia aliyepata mia mbili siku hiyo akuonaje?

Huyo tajiri wa samaki ni mdau, na hakuna waraka wa afya uliomtaja. Akikubali, mabaharia wote wamelipiwa kwa wiki moja. Akikataa, BMU haina la kufanya.

#27 Fundi_Bajeti
Akikubali, atawalipia na kuongeza kwenye deni lao. Bima inakuwa mnyororo mwingine.

#28 MzeeMajiMafu
Huenda. Sijasema ni malaika.

#29 WakiliPembeni
Tusisahau Basuba. Vijiji vya Waboni, Mangai, Milimani, Mararani, Kiangwe: ukosefu wa usalama umefunga vituo kwa vipindi virefu, na huduma mara nyingi ni ya kuja na kuondoka na walinzi. Huko mdau wa kwanza ni anayefungua njia, kwa maana ya afisa wa usalama. Wa pili ni mtafsiri, kwani mzee wa Kiboni akiulizwa kwa Kiswahili cha ofisini atajibu kwa adabu tu. Wa tatu ni ofisi ya vitambulisho: bila kitambulisho usajili haukamiliki, na Wabajuni na Waboni wanajua habari ya kuhojiwa kabla ya kukipata. Ukienda Kiunga na Basuba na fomu ya bima, maoni utakayopata ni ya vitambulisho. Usiseme wametoka nje ya mada.

#30 NesiWaZamu
Mdau mwingine anayekumbukwa kwa nadra: nahodha wa boti ya wagonjwa. Sera ya rufaa husema "mgonjwa ahamishwe kutoka ngazi ya 3 kwenda ya 4". Kwenye ramani ni mshale. Kwenye maji ni galoni za petroli, plagi ya akiba, tochi, blanketi, maboya, na uamuzi kama mkondo wa Mkanda unapitika saa hizi au maji yamekauka boti itakaa tope na mama mwenye uchungu ndani. Yeye ndiye ajuaye rufaa ya saa tisa usiku inachukua muda gani kwa kusi na kwa kaskazi. Mpeni karatasi aandike muda na mafuta kwa kila kituo, mara mbili, pepo mbili. Hiyo karatasi moja inashinda warsha ya siku tatu.

#31 Ngomeni_Kwetu
Na bajeti ya mafuta hayo iko chini ya nini? Dawa, usafiri, au dharura?

#32 Fundi_Bajeti
Hapo ndipo watu hugombana. Hospitali inayobaki na mapato yake yaweza kuyatumia, ikiwa bodi yake imeidhinisha kwenye mpango wa mwaka. Isipoandikwa kwenye mpango, hata hela ikiwepo mkaguzi atauliza. Kwa hiyo nahodha aulizwe kabla mpango haujaandikwa.

#33 MtiWaMkoko
Haya, tufanye mfano wa kweli. Kikao kimoja Pate, vikundi vinne: wavuvi, wanawake, wahudumu, na nahodha wa boti pamoja na wahamasishaji. Nafuata kalenda ya Mzee: maji mafu, baada ya alasiri, wachokoaji wapo nyumbani, na Mkanda haukauki sana. Siyu ni katikati ya kisiwa, tukutane Siyu.

#34 BintiSiyu
Karibuni Siyu, ila mtaingiaje? Mlango wetu ni mkono wa bahari katikati ya mikoko, na boti huingia maji yakijaa. Maji mafu hayajai vya kutosha. Mtashuka mbali mtembee topeni na makabrasha kichwani.

#35 MzeeMajiMafu
Kweli bwana. Nimesahau Siyu. Na Pate mjini vilevile, watu hushukia Mtangawanda.

#36 Boriti
Kalenda ya Mzee imepigwa na kalenda ya maji 😂

#37 MtiWaMkoko
Basi viwe viwili. Faza siku za maji mafu kwa wavuvi na wachokoaji, Siyu siku za bamvua kwa wanawake na wahudumu.

#38 BintiSiyu
Siku za bamvua wanawake wa Siyu nao wengine wako mwambani.

#39 Fundi_Bajeti
Na petroli ya boti ya kikao cha pili mnaiandika wapi?